Fikra za Kando katika Kutafuta Masoko Mtandaoni: Mfano wa Biashara ya Samaki ya Kabwe, Wilaya ya Nkasi

1. Utangulizi

Makala hii inaeleza dhana ya fikra za kando katika kutafuta masoko mtandaoni kwa kuitazama kutoka Kabwe, mji mdogo wa bandari ulio ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, katika Wilaya ya Nkasi, Mkoa wa Rukwa. Mahali hapa pamechaguliwa kwa makusudi. Maandiko mengi ya taaluma ya masoko huchukulia kuwa muuzaji ana duka la mtandaoni, mnunuzi ana anwani inayosomeka, kampuni ya usafirishaji hufika mlangoni, na malipo hukatwa kwa kadi ya benki. Kabwe haina hata moja ya hayo kwa ukamilifu. Ina migebuka na dagaa, ina simu za mkononi, ina magari yanayopanda kutoka ziwani kuelekea Namanyere na Sumbawanga, na ina wanunuzi walio mbali ambao hawajawahi kuiona. Swali linaloongoza makala ni hili: nadharia iliyojengwa juu ya masharti ambayo hayapo inamfaa nini mtu anayeuza samaki katika mazingira hayo, na yeye mwenyewe anaifundisha nini nadharia hiyo?

Ni vyema kuanza na istilahi. Edward de Bono, tabibu na mwanasaikolojia aliyezaliwa Malta mwaka 1933, ndiye aliyeipa dhana hii jina katika kitabu chake cha mwaka 1967. Alitofautisha fikra zinazozidi kuchimba shimo lilelile na fikra zinazoliacha shimo hilo na kwenda kuchimba mahali pengine. Katika Kiswahili ingewezekana kabisa kuziita hizi za pili "fikra mchepuko", lakini mitaa ya Tanzania imekwisha kulipa neno hilo kazi nyingine, na mtahini asingeweza kulisoma bila kutabasamu. Hivyo makala inatumia "fikra za kando". Kwa maana inayotumika hapa, mtu hufikiri kando pale anapokataa swali kama alivyolikuta. Haulizi "nitangazeje zaidi?" bali "kwa nini mtu huyu asinunue hata baada ya kuniona?"

Tofauti hiyo ni muhimu kwa sababu ubunifu katika masoko umezoeleka kuchukuliwa kuwa ni vituko. Mmarekani Jay Conrad Levinson alipochapisha kitabu chake juu ya masoko ya kigerila mwaka 1984, alikuwa akiwaandikia wenye biashara ndogo wasio na fedha za matangazo. Alitaka watumie muda, juhudi na akili mahali pa fedha. Miaka iliyofuata wazo hilo lilinyakuliwa na kampuni kubwa, likageuka kuwa michezo ya kushtua watu barabarani na, baadaye, mtandaoni. Kwa maoni ya mwandishi, kushtua ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote ya urithi huo. Mnunuzi wa dagaa aliye Dodoma haombi kushtuliwa. Anaogopa.

2. Mtangulizi wa pwani: jina na jina la kanga

Kabla ya kuingia katika hofu hiyo, inafaa kukumbuka kwamba fikra za kando katika biashara hazikuletwa Afrika Mashariki na intaneti. Mfano ulio karibu zaidi ni kanga. Mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye nguo zake zilijulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla", ni miongoni mwa waliolijenga soko la vazi hilo tangu mwishoni mwa karne ya 19. Mwanzoni kanga iliuzwa kwa rangi na mapambo yake. Katika karne ya 20 maandishi, yaani jina la kanga, yakaenea. Kwanza kwa hati za Kiarabu, kisha kwa hati za Kirumi. Badiliko hili linaonekana dogo, lakini lilihamisha bidhaa nzima. Tangu hapo mwanamke hakununua nguo tu. Alinunua sentensi ya kumwambia mume, jirani, mkwe au mke mwenza, na aliibeba mwenyewe mtaani bila muuzaji kumlipa hata senti. Anayeweka leo picha na maneno machache kwenye ukurasa wa hali wa WhatsApp, ule ambao vijana huuita stetasi, anafanya jambo la ukoo huohuo. Atafanya vizuri zaidi akijua kwamba mtu hubeba ujumbe wa biashara pale tu ujumbe huo unapomsaidia kusema lake.

3. Tatizo halisi ni imani

Tarehe 27 Novemba 2019 kampuni ya Jumia ilisitisha biashara yake ya mtandaoni nchini Tanzania. Miezi saba tu kabla ya hapo, Aprili 2019, hisa zake zilikuwa zimeanza kuuzwa katika Soko la Hisa la New York. Si kazi ya makala hii kueleza sababu zote za uamuzi huo. Jambo linalotuhusu ni kwamba kuondoka kwake hakukuondoa biashara ya mtandaoni nchini. Watu waliendelea kuuza na kununua kupitia WhatsApp, Instagram na Facebook, wakilipana kwa pesa za simu, huduma ambayo Vodacom ilikuwa imeileta Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya M-Pesa kuanza Kenya. Mizigo ilikwenda kwa mabasi. Kilichobaki, basi, ni biashara isiyo na mtu wa kati wa kumhakikishia mnunuzi kwamba hatapoteza fedha zake.

Hapo ndipo muuzaji wa Rukwa anapokutana na tatizo ambalo mwenzake wa Arusha au Mbeya hana kwa kiwango hicho. Taarifa za takwimu za robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) zimekuwa zikiutaja Mkoa wa Rukwa, pamoja na Morogoro, katika mikoa inayoongoza kwa majaribio ya ulaghai kwa njia ya simu. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" umekuwa mzaha wa taifa, na Rukwa imeingizwa katika mzaha huo. Juu yake kuna mzaha wa zamani zaidi, ule wa jina la Sumbawanga, linaloelezwa kuwa lilimtaka mgeni atupe uchawi wake kabla ya kuingia, lakini ambalo nchi nzima hulitaja kana kwamba linamaanisha kinyume chake. Muuzaji mwaminifu wa Kabwe huanza mazungumzo akiwa amekwisha kushtakiwa mara mbili.

Mchumi George Akerlof alionyesha mwaka 1970, kwa mfano wa soko la magari yaliyotumika, kwamba pale muuzaji anapojua ubora wa kitu na mnunuzi hawezi kuujua, mnunuzi hupunguza bei anayokubali kutoa ili ajikinge. Wenye vitu vizuri hujiondoa sokoni, na soko hubaki na vibovu. Dagaa ni mfano bora wa hali hiyo kuliko hata magari. Dagaa waliokaushwa juu ya mchanga na waliokaushwa juu ya vichanja hufanana katika picha ya simu. Tofauti huonekana jikoni, mchanga unapotua chini ya sufuria, au mdomoni, jambo ambalo ni baya zaidi. Mradi wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) nchini Burundi, upande wa kaskazini wa ziwa hilihili, ulihimiza vichanja vya wavu vilivyoinuliwa kutoka ardhini kwa sababu hiyo: samaki hukauka upesi, huwa safi, hupotea wachache, na hupata bei nzuri zaidi. Lakini mwenye kichanja huipata bei hiyo ikiwa tu mnunuzi anaweza kujua kwamba kichanja kilitumika. Asipojua, gharama ya mbao na wavu humrudia mwenyewe.

Fikra za kawaida zitamwambia muuzaji huyu apige picha nzuri zaidi, aongeze maneno ya sifa, aandike "dagaa safi, original, hawana mchanga". Maneno hayo yanaweza kuandikwa na yeyote, na tapeli huyaandika vizuri kuliko mkweli kwa kuwa ndiyo kazi yake. Fikra za kando zinaanza kwa kuuliza: ni kitu gani ambacho mwenye dagaa safi anaweza kukifanya kwa urahisi na mwenye dagaa wachafu, au asiye na dagaa kabisa, hawezi?

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama mmoja wa Kabwe anarekodi video fupi. Anachota dagaa kutoka katikati ya gunia, si juu. Anawatia katika beseni jeupe la maji, anawakoroga kwa mkono, anawatoa, kisha anainamisha simu juu ya beseni na kuonyesha kitako chake. Hasemi neno. Bidhaa inayotangazwa katika video hiyo ni kitu kisichopo, yaani mchanga. Mnunuzi ataielewa kwa sababu inajibu swali alilokuwa nalo kabla hajaulizwa.

Pingamizi ni dhahiri: tapeli anaweza kuiiba video hiyo na kuituma kama yake. Ni kweli, na ndiyo maana video moja ya kudumu haitoshi. Mama huyo anaweza kumwambia mnunuzi achague neno lolote, tuseme "parachichi", naye aliandike kwenye karatasi pamoja na tarehe ya siku hiyo, kisha aiweke karatasi kando ya mzani wakati wa kupima. Video iliyoibwa haiwezi kuwa na neno la mnunuzi aliyejitokeza leo asubuhi. Mzani wenyewe unasema jambo jingine: katika nchi ambamo lumbesa imepigwa vita kwa miaka mingi na Wakala wa Vipimo, kuonyesha kilo badala ya gunia ni tangazo tosha. Gharama ya yote haya ni karatasi, kalamu na bando la siku.

Njia ya pili ni kugeuza mpangilio wa malipo. Mtu anayetoka katika mkoa uliotiwa doa la "tuma hela" ana sababu nzuri ya kutoanza kwa kuomba hela. Hata hivyo, kulipwa baada ya mzigo kufika kuna hatari kwa muuzaji, na hapa aina ya samaki ina la kusema. Mgebuka mbichi uliowekwa barafu hauwezi kusubiri stendi ya mabasi wakati mnunuzi anatafuta kisingizio. Dagaa wakavu wanaweza. Mzigo wa dagaa uliokataliwa jijini unaweza kupewa mtu mwingine wiki ijayo kwa hasara ndogo. Kwa hiyo ni busara kwa muuzaji kujenga imani kwa dagaa kwanza, kwa kiasi kidogo na kwa malipo ya baada ya kupokea, na kuacha migebuka mibichi kwa wateja waliokwisha kulipa mara mbili au tatu bila matatizo. Wanaofundisha masoko huweka mbele bidhaa yenye faida kubwa. Hapa inatangulizwa ile inayovumilia kuchelewa.

Njia ya tatu ni kuuliza upya mnunuzi ni nani. Nchini Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 2000, tovuti ya Mama Mikes ilijengwa juu ya utambuzi kwamba mlipaji na mlaji si lazima wawe mtu mmoja: Mkenya aliye ughaibuni alilipa mtandaoni, na jamaa yake aliye nyumbani akapokea vocha ya dukani, muda wa maongezi au zawadi. Utambuzi huo unafaa Kabwe kwa pande zote mbili. Wapo wenyeji wa Nkasi wanaofanya kazi au kusoma Dar es Salaam, Dodoma na Mbeya, ambao hawahitaji kuaminishwa kwamba Kabwe ipo. Hao wanaweza kuwa wapokeaji wa kwanza wa mzigo na wadhamini wa muuzaji kwa majirani zao. Wapo pia wanaotaka kuwapelekea wazazi wao walio mwambao, Kabwe au Kirando, sukari, mafuta ya kupikia na unga, na ambao leo hutuma fedha taslimu bila kujua zilikoishia. Muuza samaki mwenye duka dogo anaweza kuwauzia hao bidhaa bila kusafirisha chochote.

4. Kitabu cha majina kama kibao cha duka

Namna WhatsApp inavyofanya kazi haina budi kueleweka kabla ya kushauri chochote. Ukurasa wa hali, ulioletwa mwaka 2017 katika sura yake ya sasa, hudumu saa 24, na kwa kawaida huonekana na watu ambao wewe na wao mmehifadhiana namba. Orodha ya matangazo hupeleka ujumbe kwa watu wasiozidi 256, na ujumbe huo haumfikii asiyeihifadhi namba ya mtumaji. Tangu mwaka 2019 ujumbe hauwezi kusambazwa kwa zaidi ya soga tano kwa mara moja, na mwaka 2020 ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi ukabanwa uende kwa soga moja tu.

Maana ya masharti haya haijatiliwa mkazo wa kutosha. Muuzaji anaweza kuweka picha kila siku kwa mwaka mzima na asionwe na mtu ambaye hajaihifadhi namba yake. Kazi ya kwanza, kwa hiyo, ni kuingia katika kitabu cha majina cha simu ya mtu mwingine, na kuingia humo kwa jina linalouza. Mteja akiandika "Mama Asha", atamsahau. Ana akina Mama Asha wanne. Akiandika "Dagaa Kabwe", jina lenyewe litamkumbusha kila anapotafuta namba ya dada yake Dafrosa. Muuzaji anayefikiri kando atamwelekeza mteja namna ya kumhifadhi, na atalichapa jina hilo na namba yake kwenye kikaratasi ndani ya mfuko wa dagaa. Kikaratasi hicho ni tangazo la mtandaoni lililo nje ya mtandao.

Linazuka pia suala la jina la bidhaa. Nchini kote dagaa wa Ziwa Tanganyika hufahamika kama "dagaa wa Kigoma". Spishi ni zilezile, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, lakini Kabwe haina jina sokoni. Kupambana na jina la Kigoma ni kupoteza nguvu. Kulichukua tu ni kusema uongo mdogo unaomnyima mtu wa Nkasi haki ya kujulikana. Inawezekana kusema "dagaa wa ziwa la Kigoma, wa kichanja cha Kabwe": sehemu ya kwanza inamfikisha mnunuzi mahali anapopajua, na ya pili inamtofautisha muuzaji kwa jambo linaloweza kuonyeshwa. Wapo watakaoona sentensi hiyo ni ndefu. Majina mengi ya kanga ni marefu kuliko hivyo.

5. Kalenda ya mwezi na ziwa lililofungwa

Mwongozo wowote wa masoko ya mtandaoni utataja siku na saa bora za kuweka tangazo. Biashara ya Kabwe inafuata saa nyingine. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na sasa taa za umeme wa jua, na taa hizo hupoteza mvuto wake mbalamwezi inapong'aa. Hivyo kila mwezi zipo siku ambazo uvuvi hupungua au husimama. Anayetangaza kila siku kwa sauti moja huwaahidi watu samaki ambao hawapo. Anayetangaza kwa kufuata giza anaweza kuwaambia wateja wake wa Dodoma: "Mwezi unapungua, Jumanne mitumbwi inarudi majini." Uhaba wa kweli, unaoelezwa kwa sababu yake, humfanya mnunuzi wa mjini autazame mwezi kwa jicho la mvuvi. Si sawa na ule uhaba wa kubuni wa "zimebaki tatu tu" ambao wanunuzi wa mtandaoni wamekwisha kuuchoka.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja mwaka 2024. Tarehe 12 Mei nyaya za baharini za mawasiliano zilikatika, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Siku tatu baadaye, tarehe 15 Mei, Serikali ilisimamisha shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika hadi tarehe 15 Agosti ili kulipumzisha na kuwaacha samaki wazaliane, kufuatana na makubaliano ya nchi zinazolizunguka ziwa. Katika wiki moja biashara tunayoieleza iliguswa pande zote mbili: bidhaa na njia ya kuitangaza.

Kukatika kwa nyaya kunafundisha jambo jepesi, ambalo pia lilikuwa limeonekana tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp, Facebook na Instagram zilipozimika kwa saa zipatazo sita duniani kote: orodha ya wateja iandikwe pia kwenye daftari, na ujumbe mfupi wa kawaida usidharauliwe.

Kufungwa kwa ziwa kunahitaji tafakuri zaidi. Miezi mitatu ya ukimya inatosha kwa mteja kupata muuzaji mwingine, tena wa ziwa jingine. Lakini tarehe za kufunga na kufungua zikijulikana mapema, zinaweza kupangiwa kazi. Kabla ya kufunga, dagaa wakavu huuzwa kwa wingi kwa anayetaka kuweka akiba. Baada ya kufunga, mtu yuleyule, mzani uleule na karatasi ileile yenye neno la mnunuzi vinaweza kuuza maharage, mahindi na ulezi wa nyanda za juu za Ufipa, au mchele wa Bonde la Ziwa Rukwa. Hapa fikra za kando zinatambua kwamba kilichojengwa kwa muda wote huo hakikuwa biashara ya samaki peke yake. Mteja alikuwa akinunua uhakika wa kupata alichokiona kikipimwa, na uhakika huo haufungwi na tangazo la Serikali. Kuhusu oda za malipo ya awali kwa ajili ya tarehe 16 Agosti, mwandishi hana shauku nazo. Kushika fedha za watu kwa miezi mitatu, kutoka Rukwa, kwa ahadi ya samaki ambao bado wamo majini, ni kuifufua hofu ileile iliyokwisha kutulizwa kwa taabu. Orodha ya majina bila fedha inatosha.

6. Mpaka kati ya ubunifu na ulaghai

Ubunifu wa aina hii una mipaka ya kisheria, na mmoja unavunjwa kila siku bila watu kujua. Wauzaji wengi huthibitisha uaminifu wao kwa kuweka picha za skrini zinazoonyesha ujumbe wa malipo, ukiwa na jina kamili la mteja, namba yake na kiasi alicholipa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za mtu azitumie kwa kusudi lililoelezwa na azilinde zisifichuliwe ovyo. Mteja aliyetoa jina lake ili alipie dagaa hakulitoa liwe tangazo. Kuna na hatari ya kiutendaji: matapeli hukusanya majina na namba kutoka katika picha hizohizo, kisha humpigia mteja wakijifanya muuzaji na kutaja kiasi sahihi alicholipa. Muuzaji aliyekusudia kuthibitisha uaminifu wake anakuwa amempa mwizi ufunguo.

Suluhisho halihitaji teknolojia. Picha ya skrini iachwe, na mahali pake iwekwe picha ya mfuko uliofungwa, uzito wake, tarehe, mji unaokwenda na lile neno alilolichagua mnunuzi. Mnunuzi wa "parachichi" atajitambua akiuona ujumbe huo kwenye ukurasa wa hali. Akitaka, atausambaza mwenyewe kwa dada zake na kuwaambia kwamba ule ni mzigo wake. Asipotaka, hakuna mtu mwingine nchini atakayejua kwamba parachichi ni yeye.